Mlinzi aliyekimbizwa na kompyuta

Wiki hii nimetoka Handeni, na nimerudi na habari ya mzee mmoja mlinzi ambaye nusura afukuzwe kazi kwa sababu ya video.

Mzee huyu analinda ghala la mahindi la watu binafsi. Magunia saba yalipotea usiku, na mlangoni kamera ya ulinzi ilikuwepo. Wenye mali wakakubaliana wakutane Korogwe, kilometa 65 kwa barabara ya lami, waitazame video hiyo kwenye projekta pamoja na maelezo ya hesabu zao za mwaka. Tabu ilianzia kwenye faili. Jina lake lilikuwa na mkia wa "dav", kompyuta ikakataa kulifungua. Kijana mmoja wa duka la kompyuta akaligeuza kwa programu aliyoipata kwenye intaneti, akarudisha flashi, akalipwa, akaenda zake.

Mimi nilialikwa kwa kuwa mmoja wa wenye mali ni shemeji yangu, naye anaamini kwamba mtu wa redio anajua kila mtambo.

Basi video ikaonyeshwa. Mzee anatokea upande wa ghala, anakata uwanja mbio mbio, anapotea getini. Ukumbi ukaguna. Mtu asiye na hatia anakimbia nini saa nane za usiku? Mzee akasimama, akashika goti lake. "Wanangu, goti hili halijakimbia tangu mwaka wa mvua za El Nino." Watu wakacheka. Nami nilicheka, naungama.

Lakini jicho langu likatua kwenye saa iliyoandikwa pembeni mwa picha. Nikailinganisha na saa yangu ya mkononi. Kwangu zilipita sekunde 10. Kwenye picha zilikuwa zimekwenda karibu sekunde 21. Nikaomba irudiwe, ikawa vile vile.

Ndugu msikilizaji, video ni picha nyingi zinazofuatana upesi mpaka jicho likadhani ni mwendo. Kamera za ulinzi mara nyingi hupangiwa picha chache kwa sekunde ili diski isijae haraka, na ile ya Handeni ilipangiwa 12. Programu iliyogeuza faili haikuambiwa hivyo, ikajikatia 25 kwa sekunde, kipimo ambacho programu nyingi hukishika zisipoelezwa lolote. Mzee aliyetembea akawa mzee aliyekimbia, na kijana wa duka wala hakukusudia ubaya.

Lifikirie faili la video kama gunia, na picha ndiyo mahindi. Mara nyingi mahindi yaliyomo katika gunia la "dav" ni yale ya H.264 ambayo kompyuta karibu zote zinayajua; kilicho kigeni ni gunia tu. Huna haja ya kusaga upya. Unayahamishia kwenye gunia la MP4, na picha haipungui chochote. FFmpeg, programu ya bure iliyoanza mwaka 2000, hufanya kazi hiyo, mradi uiambie ni picha ngapi kwa sekunde. Ikiwa rekoda inatumia H.265, kompyuta kuukuu huenda zikashindwa, na hapo ndipo unalazimika kusaga. Ama wale wanaoipiga picha skrini kwa simu, hao huharibu kabisa: saa hukatwa, na namba za gari zikafifia.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa kutazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na kama haukuchezewa. Kikao cha Korogwe hakikuwa mahakama, ila ugali wa mzee ulikuwa pale mezani.

Kesho yake asubuhi tukarudi Handeni. Rekoda hizi diski ikijaa hufuta ya zamani na kuandika mapya juu yake, na tulikuta zimebaki siku mbili tu usiku ule ufutwe. Tukanakili faili la asili kwenye flashi mbili. Moja shemeji akaifungia kabatini bila kuigusa, na nyingine ndiyo tuliyoifanyia kazi. Kabla ya kuiweka kwenye maelezo ya mkutano, tuliweka saa ya ukutani mbele ya kompyuta tukahesabu dakika nzima. Sekunde zikalingana.

Wiki iliyofuata ukumbi ule ule ukamwona mzee akichechemea, tochi mkononi, akielekea getini, mwanga wa taa za gari ukimulika ukuta. Gari la nani, hilo liko polisi, nami siligusi.

Watu walipoanza kutoka, mzee alinisogelea. "Mwanangu, hebu rudisha tena nijione." Tukarudisha.