Hoteli ya Bisbee na Mizuka Yake

Ninyi mlio na karatasi ya somo mkononi, iwekeni mbele yenu, maana leo nitawaomba mnifuate kwa kidole. Somo letu ni la kusoma, wala si la kutishana, ijapokuwa nitataja mizuka mitatu. Mzuka ni mtu aliyekufa ambaye watu husema wamemwona tena.

Nadhani kila mmoja wenu anajua nyumba moja ambayo watu hawapendi kuipita usiku. Ukiuliza nani aliyeona kitu pale, utajibiwa, "Watu wameona." Ukiuliza watu gani, basi hapo maneno hugeuka, na mwenzako huanza kutazama pembeni. Nyumba ya leo ni ya namna hiyo, lakini iko mbali, katika nchi ya Marekani, jimbo la Arizona, mji wa Bisbee. Ni hoteli. Jina lake ni Copper Queen, yaani Malkia wa Shaba.

Mji wa Bisbee umejengwa ndani ya bonde jembamba, juu milimani, zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Mpaka wa nchi ya Mexico uko karibu, kama maili 10 tu. Mahali ni pa mteremko mkali, hata mtu asimamapo mlangoni mwake anaweza kuona paa la jirani likiwa chini ya miguu yake. Watu hupanda ngazi nyingi kwenda nyumbani. Hapana mtu ambaye angechagua kujenga mji pale, isipokuwa kwa sababu moja: chini ya mawe yale palikuwa na shaba.

Nchi ile ilikuwa ya Waapache. Mwaka 1877 askari wa Marekani waliokuwa wakiwaandama Waapache waliona dalili za madini, na mwaka 1880 mji ukaanza. Uliitwa Bisbee kwa jina la tajiri mmoja aliyetoa fedha zake kwa mgodi, Bwana DeWitt Bisbee. Yeye mwenyewe hakufika huko hata siku moja. Tena alikuwako mtu mwingine, George Warren, mtafuta madini, ambaye alikuwa na fungu lake katika mgodi wa Copper Queen. Siku moja, kileo kikiwa kichwani, aliweka dau kwamba yeye kwa miguu yake atamshinda farasi katika mbio. Dau lenyewe lilikuwa lile fungu lake la mgodi. Farasi alishinda. Fungu lile baadaye lingalimpa mali nyingi mno, naye alikufa maskini. Huyu Warren, kama kuna mtu mwenye haki ya kurudi usiku na kulia, ni yeye. Lakini katika mizuka ya hotelini hayumo.

Mgodi ulikua, nao ukawa mali ya kampuni ya Phelps Dodge. Mwaka 1910 watu wa Bisbee walikuwa zaidi ya 9,000. Kampuni ilikuwa na mgodi, na duka kubwa, na hospitali, na maktaba, hata gazeti la mji lilikuwa lake. Wakubwa wa kampuni, na mainjinia, na matajiri waliokuja kutazama fedha zao zinafanya nini, walihitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo kampuni ikajenga hoteli, ikafunguliwa mwaka 1902. Wachimbaji hawakulala humo. Wao walikaa katika nyumba za kupanga vitanda, na wengine walipokezana kitanda kimoja: huyu akiamka kwenda kazini, yule arudi kulala. Wachina hawakuruhusiwa kulala mjini kabisa. Waliuza mboga mchana, na jua likishuka sharti waondoke.

Mwezi wa Oktoba 1908 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Hoteli ilisalia, na hata leo inapokea wageni.

Sasa mizuka. Hapa naomba mweke kidole chini ya kila neno "husema", maana nitalitumia mara nyingi.

Watu husema kwamba katika orofa ya tatu kuna mwanamke aitwaye Julia. Husema aliuza mwili wake kwa wanaume wa mjini, akampenda mmoja wao, akakataliwa, akajiua. Wageni wanaume husema wamesikia mtu akiwanong'oneza sikioni, au wamemwona amesimama mwisho wa kitanda akicheka. Chumba kimoja kimepewa jina lake. Wa pili husemwa kuwa ni mzee mrefu mwenye ndevu, amevaa kofia ndefu nyeusi, na kabla hajaonekana husikika harufu ya sigara nene. Wa tatu ni mtoto. Husema alizama katika mto San Pedro, ambao hauko mbali na mji, na kwamba husogeza vitu vya wageni, hucheka, na hukimbia ukumbini.

Hotelini kuna daftari. Mgeni akisikia au akiona jambo usiku, asubuhi huandika humo. Daftari hilo lanipendeza sana, kuliko mizuka yenyewe. Mtu wa kawaida, si mwandishi, ameketi na kalamu na kujaribu kusema sawasawa lililompata: saa ngapi, chumba gani, alisikia nini. Hiyo ni kazi ngumu, nanyi mmeanza kuijua. Lakini msomaji naye ana kazi yake. Akisoma, "Nilisikia hatua juu ya dari saa nane za usiku," huo ni ushuhuda: mtu alisikia sauti. Akisoma, "Nilimsikia Julia," hapo mambo mawili yamechanganywa, sauti na maana yake. Nyumba ya zamani ina mbao na mabomba. Milimani kule mchana ni joto na usiku ni baridi. Mbao hukaza na kulegea, nazo hulia. Tena mgeni amekwisha ambiwa juu ya Julia kabla hajazima taa. Simwiti mtu mwongo. Nasema tu kwamba alikuwa amekwisha pewa jina la sauti kabla hajaisikia.

Nanyi mjue kwamba mzuka una faida. Uchimbaji ulikoma mwaka 1975, baada ya tani zaidi ya milioni 3 za shaba kutolewa. Kazi zikaisha, nyumba zikauzwa kwa bei ndogo, wachoraji na watu wa mbali wakazinunua. Siku hizi mji huishi zaidi kwa wageni, na wageni hupenda kulipa ili waogopeshwe kidogo.

Sasa naacha neno "husema". Mambo ninayoyaeleza sasa yameandikwa katika hati za mahakama na za serikali, na picha zilipigwa mchana kweupe.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita kuu. Bei ya shaba ilipanda sana, kwa kuwa risasi na nyaya zilihitaji shaba. Mwishoni mwa Juni wachimbaji wa Bisbee waligoma. Walitaka baruti isilipuliwe wakati watu wangali chini; walitaka kila mashine ya kutoboa mwamba iwe na watu wawili, si mmoja; walitaka dola 6 kwa siku kwa afanyaye kazi chini ya ardhi; na kwamba mtu asifukuzwe kwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanya kazi.

Tarehe 12 Julai, kabla ya mji kuamka, watu wapatao 2,000 wenye silaha walitoka mitaani. Kila mmoja alifunga kitambaa cheupe mkononi ili wajuane. Kiongozi wao alikuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, Harry Wheeler. Na wakubwa wa kampuni walikuwa wamekubaliana naye. Simu na telegrafu zilizuiwa ili habari zisitoke. Walipiga milango nyumba kwa nyumba, wakawatoa waliogoma, na wengine ambao hawakugoma ila walikuwa rafiki zao au waliwauzia chakula kwa deni. Watu wawili waliuawa asubuhi ile, mmoja wa kila upande. Waliokamatwa wakaongozwa kwa miguu hadi uwanja wa mchezo wa besiboli, na huko wakaambiwa: atakayerudi kazini aende zake. Wengine wakarudi. Waliobaki, karibu 1,200, wakaingizwa katika mabehewa 23 ya mizigo na ya ng'ombe, mengine yakiwa na samadi bado. Gari moshi likasafiri muda wa saa 16 katika jangwa la Julai, maji yakiwa haba, likawaacha Hermanas, katika jimbo la New Mexico, bila nyumba wala chakula. Waliambiwa wasirudi kamwe. Wengi wao walikuwa Wamexico na watu wa Ulaya ya Mashariki. Jeshi liliwachukua na kuwapa hema na chakula, na baadhi yao walikaa humo hadi Septemba.

Rais Woodrow Wilson alituma wajumbe kuchunguza, nao wakaandika kwamba tendo lile lilivunja sheria kabisa. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba shauri hilo ni la jimbo la Arizona, si la serikali kuu. Arizona ilimshtaki mtu mmoja tu mpaka mwisho wa kesi, naye akaachiliwa. Hakufungwa hata mmoja.

Sasa tazameni jambo hili. Hoteli ilikuwa pale pale siku ile. Ilikuwa mali ya kampuni ile ile. Watu 1,200 walitolewa vitandani mwao, na hakuna aliye mzuka hotelini. Daftari la wageni lina mwanamke aliyekosa mapenzi, mzee mwenye kofia, na mtoto mchekeshaji. Mizuka hiyo haimdai mtu chochote. Kwa miaka mingi watu wa Bisbee walizungumza juu ya mambo mengine, lakini siku ile walikaa kimya, kwa sababu wajukuu wa wenye vitambaa vyeupe waliishi mtaa mmoja na wajukuu wa waliotolewa. Iko familia iliyosimulia kwamba ndugu mmoja alimkamata ndugu yake wa tumbo moja.

Mwaka 2017, miaka mia ilipotimia, watu wa mji walifunga tena vitambaa vyeupe, wengine wakasimama mahali pa waliokamatwa, wakaitembea njia ile ile mpaka uwanjani mbele ya kamera. Filamu iitwayo Bisbee '17 ilitolewa mwaka 2018. Ofisi ya zamani ya kampuni, iliyo hatua chache tu kutoka hotelini, sasa ni jumba la makumbusho, na mgeni akitoka kusoma daftari la mizuka aweza kuingia humo kabla chai yake haijapoa.

Kazi ya wiki hii ni hii. Tafuteni mzee mmoja mnayemjua, mwambieni awasimulie jambo la mahali penu lililotokea zamani. Andikeni mistari sita. Mahali aliposema "niliona", andikeni "aliona". Mahali aliposema "nilisikia", andikeni "alisikia", na mwulizeni alisikia kwa nani. Akitaja jina, liandikeni. Mwalimu wenu atazisoma darasani siku ya kukutana. Kwaherini.