Usitie Kidole Gumba Kabla ya Kuuliza

Mazungumzo na waendesha boda boda wa Kakuma na Kalobeyei



Wengi mnanifahamu. Mimi ni mhamasishaji wa jamii, mtoto wenu wa hapa hapa kambini. Nilisoma hadi kidato cha nne, lakini mimi si wakili. Haya nitakayosema nimeyauliza kwa wanasheria wanaotusaidia, na mengine nimeyaona kwa macho yangu nyumbani kwetu. Wewe ambaye hukufika mkutanoni na unasoma karatasi hii, jihesabu kuwa ulikuwa pamoja nasi. Ukimaliza, msomee jirani asiyejua kusoma.

Nianze na ya nyumbani. Mtoto wa mama yangu mkubwa alikuwa akiendesha pikipiki ya tajiri mmoja, anapeleka hesabu kila jioni. Siku moja magharibi, lori lililokuwa likitoka upande wa Lodwar lilimpita kwa karibu mno, likamtupa nje ya barabara. Mfupa wa paja ukavunjika. Siku ya pili, akiwa bado kitandani hospitalini, alikuja mtu mpole aliyesema ametumwa na mwenye lori. Alileta mkate, soda na bahasha yenye shilingi 15,000. Akasema, "Pole sana kijana, hii ni ya dawa. Tia kidole hapa tujue umepokea." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ndugu yangu akatia kidole. Sisi tuliokuwa pale tukamshukuru yule mtu, hata mimi niliyekwenda shule. Nilikunja ile nakala nikaiweka chini ya godoro bila kuisoma.

Karatasi ile ilisema kwamba amepokea malipo yote na ya mwisho, na kwamba hatadai tena kitu chochote kwa mwenye lori wala kwa kampuni yake ya bima.

Baada ya miezi minne mfupa ulikuwa haujaunga sawasawa, na daktari akasema lazima apasuliwe tena. Hapo ndipo tulipokwenda kwa mwanasheria. Akauliza, abstrakti ya polisi iko wapi? Hatukuwa nayo. Namba ya lori? Hakuna aliyeiandika. Yule mtu wa bahasha anaitwa nani? Hatukujua. Mwanasheria akatueleza kwamba karatasi iliyotiwa kidole na mgonjwa mwenye maumivu, kwa lugha asiyoijua, inaweza kupingwa mahakamani. Lakini utampinga nani, kama hata jina lake hulijui? Leo ndugu yangu anatembea kwa fimbo. Pikipiki ile anaiendesha mwingine.

Ndiyo maana nimesimama mbele yenu. Tangu barabara kuu itengenezwe kwa lami, magari yanakimbia, na sisi tuko katikati yake usiku na mchana.

Sasa tuseme umegongwa wewe. Kwanza ni hospitali, hilo halina mjadala. Lakini kama unaweza kusema, au mwenzako wa stendi yuko karibu, namba ya gari iandikwe pale pale, hata kwenye mkono kwa kalamu. Mwenye simu apige picha: gari, pikipiki, barabara, alama za matairi. Chukueni majina na simu za watu wawili watatu walioona. Sheria ya Barabara ya Kenya inamtaka dereva asimame, atoe jina lake, na ajali iripotiwe polisi haraka, isizidi saa 24. Basi kama wewe umelazwa, mtume ndugu yako akaripoti. Atapewa namba ya OB, yaani namba ya kitabu cha matukio. Hiyo namba mwiandike mahali pawili.

Baadaye polisi hutoa abstrakti. Ni karatasi ndogo, lakini bila hiyo utahangaika sana. Inaonyesha siku na mahali pa ajali, namba za vyombo vyote, majina ya madereva na wenye magari, kampuni ya bima na namba ya bima. Pia kuna fomu ya P3, ambayo polisi huitoa na daktari huijaza akieleza umeumia wapi na kwa kiasi gani. Ile fomu yenyewe haiuzwi.

Najua wengine mnanung'unika hapo nyuma. "Nitakwendaje polisi na leseni sina?" Sitawaficha. Kuendesha bila leseni ni kosa na unaweza kushtakiwa. Lakini kosa lako la leseni ni kesi yake, na uzembe wa dereva aliyekugonga ni kesi nyingine. Kukosa leseni peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kukuvunja mguu akaenda zake. Na kama ulikuwa nje ya kambi bila kibali cha safari, ni vivyo hivyo. Mwambie mwanasheria ukweli wote kabla hujakwenda kituoni, ajue namna ya kukusindikiza. Mtu anayemficha wakili wake ni sawa na mgonjwa anayemficha daktari mahali panapouma.

Jambo la pili ambalo wengi tunalikosea ni hili. Dereva amepelekwa mahakamani, akapigwa faini, nasi tunarudi nyumbani tukisema haki imetendeka. Ile faini inaingia serikalini. Wewe hupati hata senti. Fidia ni kesi nyingine ya madai, ambayo wewe mwenyewe ndiye mwenye kuifungua, kwa mfano katika mahakama ya Kakuma au ya Lodwar. Hukumu ya yule dereva inakusaidia sana kama ushahidi, kwa hiyo ulizia kesi yake iliishaje na upate nakala.

Na pesa za fidia zinatoka wapi? Kwa kawaida zinatoka kwenye bima. Kila gari na kila pikipiki barabarani hapa Kenya lazima iwe na bima ya mtu wa tatu. Wewe uliyegongwa na lori ndiye mtu wa tatu kwa bima ya lori lile. Kiasi ambacho sheria inailazimisha kampuni ya bima kumlipia mtu mmoja kina kikomo cha shilingi milioni 3. Haina maana utapata milioni 3. Mahakama hupima jeraha. Lakini sasa unaona kwa nini mtu wa bahasha ana haraka hivyo.

Ukianguka peke yako kwa sababu ya mchanga au mbuzi, bima hiyo ya mtu wa tatu haikulipi wewe mwendeshaji. Abiria wako, yeye anaweza kudai, na anaweza kukudai wewe pamoja na mwenye pikipiki. Kwa hiyo kabla hujaanza kazi kwa tajiri yeyote, mwulize bila haya: bima ya pikipiki hii ni ya kubeba abiria, au ni ya matumizi ya nyumbani? Kama ni ya nyumbani na wewe unabeba watu kwa pesa, siku ya ajali mtavutana na kampuni mpaka mchoke. Na kama tajiri amekuajiri kwa mshahara, iko sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, lakini dai hilo halitakiwi kupita miezi 12. Sisi wa kupeleka hesabu, kama tunahesabiwa waajiriwa au la, ni la kumwuliza mwanasheria kwa kila kesi.

Kuhusu helmeti nitasema kidogo tu, maana mmechoka kuisikia. Wakili wa upande wa pili swali lake la kwanza litakuwa: ulivaa? Koti la kuakisi mwanga je? Ulibeba abiria wangapi? Sheria inaruhusu mmoja. Kama mahakama ikiona nawe ulichangia kuumia kwako, inapunguza. Tuseme ulistahili shilingi 400,000 na umeonekana umechangia asilimia 20, utapata 320,000. Zile 80,000 umezivua kichwani mwenyewe.

Risiti ndizo zinazotuangusha zaidi. Mahakama hairudishi pesa za dawa kwa kusikia tu kwamba ulinunua. Nauli ya kwenda Lodwar kupigwa picha, dawa, magongo, yote yawe na karatasi. Weka karatasi za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua na mbali na watoto. Lakini kwa upande wa mapato msikate tamaa. Nani kati yetu ana hati ya mshahara? Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha mtu alikuwa akipata kiasi gani, maana watu wengi hawasomi wala hawaandiki vitabu vya hesabu na bado wanajipatia riziki. Basi mwenyekiti wa stendi, mteja wako wa kila siku, ujumbe wa pesa kwenye simu, na daftari lako la shilingi arobaini, vyote vinaweza kusema.

Sasa, je, mkimbizi ana haki ya kwenda mahakamani? Anayo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuingia mwaka 1966, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mkimbizi anaingia mahakamani kama raia wa nchi anamokaa, na hata msaada wa sheria anaupata sawa na raia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 imewataja wakimbizi kwa jina miongoni mwa wanaoweza kuomba msaada huo. Kiswahili kinasikilizwa mahakamani, kwa hiyo asikutishe mtu kwa Kiingereza.

Kuna swali niliulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya juu. Je, kama aliyenigonga ni gari la shirika? Haki yako ni ile ile. Magari ya mashirika nayo yana bima. Kwa magari ya Umoja wa Mataifa yenyewe, taratibu ni tofauti kidogo kwa sababu Umoja una kinga ya kutoshtakiwa, lakini mkataba wake wa mwaka 1946 unautaka uweke njia ya kumaliza madai kama haya. Hapo mwanasheria anaanza na barua. Kudai fidia ya mguu wako si utovu wa shukrani kwa mahindi uliyopewa.

Wazee wangu, mnisamehe kwa nitakalosema kuhusu maslaha. Mimi siyapingi. Kesi inaweza kuchukua miaka, na mtu ana watoto wa kulisha. Kuna ajali ndogo ambazo wazee wakikaa chini ya mti zinakwisha kwa amani, na majirani wanabaki majirani. Ninachoomba ni kwamba msikae kabla daktari hajasema jeraha limefikia wapi. Mfupa hauonyeshi ubaya wake wiki ya kwanza. Na mkipatana, iandikwe kwa lugha ambayo majeruhi anaielewa, isomwe kwa sauti, iandikwe kama pesa ni za matibabu ya sasa tu au ni za kumaliza madai yote, na nakala ibaki kwake. Mtu akikuletea pesa za dawa hospitalini, unaweza kuzipokea. Lakini karatasi, mwambie aiache uiangalie na ndugu zako. Kama nia yake ni njema ataiacha.

Wako pia madalali. Wanakuja wodini wakisema, "Nina wakili Nairobi, hulipi kitu, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu." Sheria ya Mawakili ya Kenya haikubali mapatano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Na dalali si wakili. Ukitia kidole kwake, kesi inaweza kufunguliwa kwa jina lako na fidia ikalipwa wewe ukiwa umelala Kalobeyei hujui habari. Mwulize jina la wakili, na uhakikishe ni wakili kweli kabla ya kumpa hata nakala ya kadi yako.

Muda nao una mwisho. Kesi ya uzembe uliokuumiza ifunguliwe kabla miaka 3 haijapita tangu siku ya ajali. Aliyefariki, familia yake inahesabu miaka 3 tangu siku ya kifo. Usingoje mwaka wa tatu. Mashahidi wanahama, wengine wanapelekwa nchi za mbali, na namba zao za simu hazipatikani tena.

Dawati la msaada wa sheria linakaa kwa zamu, na siku zake zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Huduma yake hailipiwi. Ukidaiwa hata shilingi mia, niambie. Njoo na kadi yako ya ukimbizi, namba ya OB au abstrakti, P3, karatasi za hospitali, risiti, na majina ya mashahidi. Usipokuwa na vyote, njoo na ulivyo navyo. Kama tayari umetia kidole mahali, njoo na hiyo karatasi pia, usione aibu. Na asiyeweza kutembea amtume mtoto stendi aulize nyumba yangu, nitakuja na daftari.