Stima ya Kijijini na Daftari la Kina Mama

Sisi kina mama tumepewa dakika chache, na tumeamua kuzitumia kuzungumza juu ya stima.

Tangu bendera yetu ipandishwe tarehe 12 Desemba 1963, tumeahidiwa mwangaza mara nyingi. Ahadi hiyo imepiga hatua. Mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyaya zikafika hata kwa nyanya zetu. Lakini kufikiwa na waya ni jambo moja, na taa kuwaka kila usiku ni jambo lingine. Baada ya waya huja malipo, na malipo hayajikusanyi.

Watoto, sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda. Nyumba nyingi kule zina mita ya tokeni. Unalipa kwanza kwa M-Pesa, unapata ujumbe wenye tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Kwenu ni rahisi. Sasa mfikirieni nyanya ambaye macho yamefifia: akikosea tarakimu moja, analala gizani ilhali pesa amelipa. Fikirieni pia kisima cha kijiji chenye pampu moja na mita moja. Ni nani atakayepita nyumba hadi nyumba kukusanya sehemu ya kila mtu kabla tokeni haijaisha?

Mara nyingi ni kina mama wa chama. Mweka hazina wao ana daftari, na ana kitu ambacho kampuni haina: anawajua watu. Anajua nani amefiwa mwezi huu na nani ameuza maziwa jana. Anajua wa kumdai leo na wa kumngojea hadi siku ya soko.

Kazi hii haikuanza na stima. Katika miaka ya 1960 na 1970, kina mama wa Mkoa wa Kati walichanga senti zao wakaezekana nyumba kwa zamu, hadi vikundi vyao vikajulikana kama vikundi vya mabati. Na hata hapa Minnesota historia inafanana. Mwaka 1935, serikali ya Rais Roosevelt ilipounda shirika la umeme wa vijijini, shamba kama 1 tu kati ya 10 nchini Marekani lilikuwa na umeme. Wakulima waliunda vyama vya ushirika, wakazunguka kwa majirani kuandikisha wanachama, na nyaya zikavutwa. Baadhi ya vyama hivyo vinauza umeme mpaka leo.

Huko India, katika jimbo la Uttar Pradesh, tangu 2020 wanawake wa vikundi vya kujisaidia wamekuwa wakipokea malipo ya bili za umeme vijijini. Wanaitwa Vidyut Sakhi, yaani rafiki wa umeme. Mwanakijiji haponi nauli tu. Analipa kwa mtu anayemfahamu. Na mama yule hulipwa kamisheni kwa kila bili.

Hapo kwenye kamisheni ndipo tuna neno na nyinyi. Mama wa kwetu anatumia viatu vyake, muda wake na salio la simu yake. Hesabu ikipungua shilingi kumi, anaitwa mwizi. Hesabu ikitimia, hakuna anayemwambia asante. Nasi huku tunatuma pesa za kisima kwa ndugu mmoja, kisha pampu ikinyamaza tunapiga simu kuuliza kina mama wanafanya nini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, pesa za kisima na za stima ya pamoja zipitie kwenye kikundi kilichosajiliwa, si mfukoni mwa mtu. Pili, katika kila mchango tutenge fungu la kumlipa anayekusanya, pamoja na vitabu vya risiti. Tatu, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama kila mwezi. Hiyo itamlinda mwenye kuchanga, na itamlinda pia mweka hazina.

Na hapa kwetu tusionee bili aibu. Sheria ya jimbo hili ya majira ya baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, inakukinga usikatiwe umeme au gesi ya kupashia nyumba joto, mradi ukubaliane na kampuni mpango wa malipo na kuutimiza. Usiifiche barua ya onyo. Ilete, tutakaa nawe tupige hiyo simu pamoja.

Neno jamhuri asili yake ni umati wa watu. Umati huo una watu wanaobeba daftari, na tungependa walipwe. Karatasi ya majina iko mezani, karibu na birika la chai. Kabla hamjajaza vikombe, andikeni kijiji chenu na kikundi cha kina mama mnachokijua kule.