Kidonda cha Mbwa Hufunga Juu, Kikaoza Chini

Mbwa wa ploti akirudi asubuhi na alama ya meno shingoni, wengi hutazama tundu lile dogo na kuendelea na shughuli zao. Tundu hilo ndilo la kuogopa. Jino hupeleka uchafu ndani, ngozi ikafunga upesi, usaha ukabaki chini.

Mfungeni mdomo kwa kitambaa, maana hata mbwa mpole huuma akisikia uchungu. Msimfunge akihema kwa shida. Vaeni glavu. Osheni kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu ya gari, ambayo wengine bado hupaka, ni sumu: mbwa huilamba. Panadol pia humdhuru.

Kagueni asubuhi na jioni. Wekundu kidogo siku ya kwanza si neno. Uvimbe unaozidi, joto, harufu, usaha au kukataa chakula ni maambukizi. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Na aliyemuuma ni nani? Akiwa mbwa asiyejulikana, mbwa wenu amwone daktari hata kidonda kikiwa safi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kenya inalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia 2030. Mtu aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa bila kungoja dalili. Zikitokea, karibu hakuna anayepona.