Mgongo wa Mama Muuza Samaki

 

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya mgongo. Huenda mtu akauliza, je, mgongo nao ni jambo la kuhubiriwa? Lakini Luka, ambaye yeye mwenyewe alikuwa tabibu, hakuacha kutuandikia katika sura ya 13 habari za mwanamke aliyeishi ameinama miaka 18. Alikuja sinagogi vivyo hivyo, akaketi pamoja na wengine. Katika makanisa yetu ya kando ya ziwa, tokea Usenge mpaka Homa Bay, yuko mtu kama huyo.

Kwetu sisi ni mama mmoja muuza samaki wa Dunga. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa kuyasimulia haya. Miaka 20 amebeba beseni la mbuta kichwani, na maumivu ya kiuno alikuwa ameyazoea. Ila mwaka jana maumivu yalianza kuteremka. Yalipita takoni, yakashuka nyuma ya paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu, yakiwaka kama moto. Hakuweza kukaa ibada nzima. Akapigwa picha ya MRI hapa mjini, na daktari akamweleza kwamba gegedu, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, lilikuwa limetokeza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Upasuaji waweza kufanywa, akasema, lakini si lazima ufanywe sasa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoleta taabu. Kama angaliambiwa ni lazima, kila mtu angalinyamaza. Mwanawe wa kwanza alipiga simu kutoka Nairobi akitaka apelekwe India. Shemeji yake alimjua mzee mmoja hodari wa kukanda. Mumewe alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba. Baadhi ya akina mama wa kanisa walisema aombewe tu, kwa maana kwenda kwenye kisu ni kukosa imani. Na sisi wazee wa kanisa tuliombwa tuitishe harambee upesi.

Yatupasa kukiri kwamba tulikuwa karibu kuiitisha pasipo kuuliza neno lolote. Ni rahisi kuchanga fedha kuliko kuuliza swali.

Katika Luka 14 Bwana asema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza apige hesabu. Sisi tumezoea kudhani hesabu hiyo ni ya shilingi. Basi tuliketi na yule mama, tukaandika maswali nyuma ya bahasha ya sadaka, na wawili wetu tukamsindikiza kwa daktari.

La kwanza: upasuaji huu utaniondolea nini? Daktari alijibu bila kuzunguka: utauondoa moto wa mguuni, lakini uchovu wa kiuno wa miaka 20 usiutegemee kuondoka. Hatukuwa tumelijua jambo hili, na twaamini wengi hawalijui. Upasuaji wa kuondoa kipande cha gegedu kinachobana mshipa, ule ulioelezwa na madaktari Mixter na Barr wa Boston mwaka 1934, husaidia mguu zaidi ya mgongo. Upo mwingine kwa wazee ambao njia ya mishipa ndani ya uti imekuwa nyembamba, hata hawezi mtu kwenda hatua nyingi asiketi. Hapo mfupa hupunguzwa ili njia ipanuke. Na upo wa tatu, wa kufunga pingili kwa skrubu na vyuma. Huo wafaa mfupa ukivunjika au pingili zikiteleza. Lakini kwa maumivu ya kiuno matupu, utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2005, wa wagonjwa 349, haukuona wazi kwamba vyuma vilishinda mazoezi makali ya mwili yaliyosimamiwa vizuri. Ndugu msikilizaji, ukiambiwa uuze ng'ombe kwa ajili ya vyuma, uliza kwanza ni kwa sababu gani.

La pili: nikingoja, itakuwaje? Daktari alitueleza utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007. Wagonjwa 283 wa mguu kama wake waligawanywa, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakangojeshwa. Waliopasuliwa walipona upesi zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, kiasi cha watu 95 katika kila 100 wakisema wamepona. Lakini katika wale waliongojeshwa, karibu 4 katika kila 10 walishindwa na maumivu, wakapasuliwa vilevile. Mama akacheka, mara ya kwanza kwa miezi mingi. "Kumbe hata Uholanzi watu hawana subira," akasema.

La tatu: ni dalili gani ikitokea nisingoje? Hapo daktari aliweka kalamu chini. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka. Ukifa ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za kukalia. Nguvu za mguu zikipungua: usingoje asubuhi, njoo usiku uleule. Na homa, jasho la usiku na kukonda, pamoja na maumivu ya mgongo, ni jambo jingine kabisa, la kuchunguzwa mara moja.

Aliposema hivyo tulitazamana. Tulikuwa na kijana kanisani, mbeba magunia ya mpunga huko Ahero. Alilalamika mgongo miezi mingi, akakonda, na usiku shuka zake zililowa. Tukamwambia ni magunia, apumzike, tukamwombea. Mpaka nundu ilipotokea mgongoni na miguu ikalegea, ndipo alipopelekwa hospitali, akaonekana ana kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, naye alizinywa kwa mwaka mzima. Tangu miaka ya 1960 utafiti uliofanywa Korea na Bulawayo umeonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao hupona kwa dawa pasipo kisu, wakiwahi. Yeye hakuwahi. Anatembea kwa fimbo, na anatusalimu kwa upole kila Jumapili, nasi twaona haya.

Basi mama alichagua kungoja miezi 2. Alifanya mazoezi aliyofundishwa, na kila asubuhi alitembea polepole hadi ziwani mikono mitupu. Tulipiga harambee, fedha tukaziweka benki zisiguswe. Mumewe akaenda kuuliza SHA italipa kiasi gani, na shamba halikuuzwa.

Juma la 6 alikuwa akipanda kutoka ufuoni, akaona ncha ya kiatu cha kushoto yakwaruza chini. Mguu ulikuwa hauinuki vema. Ilikuwa Alhamisi, hakungoja Jumapili aje kuombewa. Tulimwombea kwa simu, yeye akiwa ndani ya matatu kuelekea hospitali, nayo fedha ilikuwa tayari.

Alipozinduka, moto wa mguuni haukuwapo. Unyayo ulichukua miezi kadhaa kurudiwa na nguvu. Kiuno bado chamuuma jioni, na akiulizwa na wengine hawafichi. Fedha iliyobaki ilinunua mkokoteni, na sasa mbuta hufika sokoni juu ya magurudumu. Kanisani hukaa nyuma karibu na mlango, apate kusimama mahubiri yanapokuwa marefu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.