Serikali Mbili Katika Nchi Moja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya machifu, walimu na wazee)



Leo twapenda kusema nanyi habari ya kazi za Serikali ya Taifa na kazi za Serikali za Kaunti katika Kenya. Twaisema kwa sababu watu wengi hutaabika bure kwa kutojua mlango wa kubisha. Mtu akikuta zahanati haina dawa, humwendea chifu. Lakini chifu ni mtumishi wa Serikali ya Taifa, na zahanati ni kazi ya kaunti. Basi mtu yule hurudi akinung'unika, na mgonjwa wake angali kitandani.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Jedwali la Nne la Katiba hiyo laeleza kazi za kila upande. Serikali ya Taifa ina ulinzi wa nchi, polisi, barabara kuu, shule za msingi na za sekondari, na hospitali kuu za rufaa. Kaunti ina zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, kilimo na mifugo, masoko, na barabara za kaunti. Hivyo walimu wawili waweza kufundisha katika uwanja mmoja, mmoja akiajiriwa na tume ya taifa, na wa chekechea akiajiriwa na kaunti.

Wala msidhani kwamba kaunti ni mtumwa wa Serikali ya Taifa. Kifungu cha 6 chasema kwamba serikali hizi ni mbalimbali, tena zategemeana, nazo zapaswa kushauriana na kushirikiana. Katika mapato ya taifa, kaunti zote pamoja hazina budi kupewa si chini ya sehemu 15 katika kila 100. Kaunti ikishindwa na kazi fulani, Kifungu cha 187 chairuhusu kuikabidhi kwa mapatano, kama ilivyofanya Nairobi mwaka 2020. Lakini dhamana yake kwa Katiba hubaki pale pale.

Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Katiba imewaweka wawili hawa zizi moja, kwa sharti kila mmoja ajue hori lake. Wakigombana, sheria yawaamuru kwanza kusemezana na kusuluhishwa. Mwaka 2013 Bunge la Taifa na Seneti walishindana juu ya mswada wa kugawa mapato. Shauri likafika Mahakama ya Juu Zaidi, nayo ikatoa rai kwamba Seneti ina haki katika mswada huo, kwa kuwa wazihusu kaunti.

Kwa hiyo twawaomba, enyi machifu: mtu akileta shida isiyo ya ofisi yenu, msimfukuze, bali mwonyesheni njia, na mpeleke habari kwa msimamizi wa wadi. Nanyi walimu, wafundisheni watu mgawanyo huu wa kazi. Maana mgonjwa hana haja ya kujua ni serikali ipi iliyo kubwa. Haja yake ni dawa, na ajuaye wa kumdai ndiye aipatae upesi.

Hayo ndiyo maneno yetu.