Kutibu Upya Mzizi wa Jino: Kwa Nini Swali la Kwanza Liwe "Lilishindwa na Nini?"



Mgonjwa anayerudi na jino lililokwisha kutibiwa mzizi huuliza kwa uchungu: "Daktari, si mliniambia hili limeshauliwa? Mbona linauma tena?" Tukimweleza kwamba linaweza kutibiwa upya, anauliza la pili: "Na safari hii litapona?" Wengi wetu hukimbilia kujibu hili la pili, ilhali jibu lake limo ndani ya lile la kwanza. Bila kujua kilicholishinda jino mara ya kwanza, asilimia yoyote tutakayomtajia haimhusu.

Takwimu zenyewe zinatuonyesha hivyo. Mwaka 1990, Sjögren na wenzake wa Umeå, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 8 hadi 10. Meno ambayo kabla ya tiba hayakuwa na kivuli cha ugonjwa kwenye picha ya ncha ya mzizi yalipona kwa asilimia 96 na zaidi. Yenye kiini kilichokufa na kivuli tayari yalipona kwa asilimia 86. Meno yaliyokuwa na ujazo wa zamani yakatibiwa upya yaligawanyika makundi mawili: yasiyo na kivuli yalifaulu kwa asilimia 98, yenye kivuli kwa asilimia 62. Kliniki ni ileile na mbinu ni zilezile. Kilichotofautiana ni hali ya jino kabla halijaguswa.

Mwaka 2008, Ng, Mann na Gulabivala wa London walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu tiba ya kurudia na kupata wastani wa kupona wa asilimia 77. Walipochapisha ufuatiliaji wao wenyewe mwaka 2011, mizizi iliyotibiwa upya ilipona kwa asilimia 80, na iliyotibiwa kwa mara ya kwanza kwa asilimia 83. Pengo ni dogo kuliko tulivyozoea kuamini, na hilo lituondolee mazoea ya kumwambia mgonjwa kwamba jino lililofeli mara moja ni la kung'oa tu.

Hapa tuangalie pia "kupona" kumepimwaje. Strindberg, mwaka 1956, aliweka kipimo kikali: hakuna dalili, na mfupa umerudi katika hali ya kawaida kwenye picha. Watafiti wanaotumia kumbukumbu za bima nchini Marekani hupima jambo jingine, yaani kama jino bado limo kinywani. Salehrabi na Rotstein walifuatilia meno 4,744 yaliyotibiwa upya, na baada ya miaka 5 asilimia 89 yalikuwa bado yapo. Vipimo vyote viwili vina maana kwa mgonjwa, lakini tusiviunganishe. Anayetafuna bila maumivu huenda bado ana kivuli kwenye picha, na ana haki ya kuambiwa.

Tuje kwenye chanzo. Tangu jaribio la Kakehashi, Stanley na Fitzgerald la mwaka 1965, ambapo panya waliolelewa bila vijidudu waliachwa na viini vya meno vilivyo wazi na bado hawakupata jipu, tunajua kwamba ugonjwa wa ncha ya mzizi ni kazi ya bakteria. Kwa hiyo jino likifeli, kwa kawaida kuna bakteria waliobaki au walioingia upya, na kazi yetu ni kutafuta walipo.

Mara nyingi wamo kwenye mfereji ambao haukuguswa kabisa. Gego la kwanza la juu ndilo linalotuponyoka zaidi, kwa sababu mzizi wake wa mbele upande wa shavu mara nyingi una mfereji wa pili, mwembamba, uliofichwa na dentini. Karabucak na wenzake, mwaka 2016, walipochunguza picha za pande tatu za meno yaliyokwisha kujazwa, walikuta kiasi cha asilimia 23 yana mfereji ulioachwa, na meno hayo yalikuwa na uwezekano zaidi ya mara 4 wa kuwa na kivuli. Jino la namna hii ndilo la kurudia kwa moyo mkunjufu, maana lina kosa linaloonekana na linalofikika. Pasipo mashine ya pande tatu, eksirei mbili za kawaida zilizopigwa kwa pembe tofauti, lenzi ya kukuza na subira ya kufuata mstari wa sakafu ya jino vitatufikisha mbali.

Hali ni nyingine kabisa pale mfereji ulipopatikana ukaharibiwa: ngazi imechongwa ndani yake, ukuta umetobolewa, au ncha imepanuliwa ovyo. Gorni na Gagliani wa Italia walichapisha mwaka 2004 matokeo ya meno 452 yaliyotibiwa upya na kuangaliwa baada ya miaka 2. Jumla ilikuwa asilimia 69, lakini jumla hiyo haimsaidii mtu. Mifereji iliyokuwa bado na umbo lake la asili ilifaulu kwa asilimia 86.8, na iliyopotoshwa kwa asilimia 47. Kwangu huu ndio utafiti wa kubandika ukutani kliniki, kwa sababu unamgusa pia anayetibu kwa mara ya kwanza: kila faili tunayoisukuma kwa nguvu leo inapunguza nafasi ya jino hilo kuokolewa kesho.

Upande wa kazi yenyewe, nisisitize machache. Mpira wa kutenga jino usiachwe, hata foleni ikiwa ndefu. Mate yamejaa bakteria. Gutapacha ya zamani itolewe yote, kisha faili ndogo ipite hadi ncha ya mzizi. Katika utafiti wa London wa 2011, kufika nchani kulihusiana na kupona, na kuongeza EDTA baada ya hipokloriti ya sodiamu kuliinua nafasi ya kupona kwa zaidi ya mara mbili katika meno ya kurudia. Kuongeza klorheksidini, ambayo wengi huiona kama tahadhari ya ziada, kuliambatana na matokeo mabaya zaidi. Klorheksidini na hipokloriti zikikutana hutengeneza mashapo ya rangi ya kahawia, na hayo hayana kazi ndani ya mzizi.

Kisha kuna kifuniko. Jino lililotibiwa vizuri likaachwa na ujazo wa muda kwa sababu mgonjwa hana fedha ya kofia ni jino lililo njiani kurudi. Aquilino na Caplan, mwaka 2002, waliona meno yasiyo na kofia yakipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa. Gharama ya kofia itajwe siku ya kwanza, pamoja na ya mzizi, ili mama aliyetoka wilayani apime mfuko wake kabla hatujafungua jino. Akiona hawezi yote mawili, mazungumzo ya kung'oa yafanyike wakati huo, kwa heshima na bila kumlaumu.

Jino lililopasuka mzizi kwa urefu halirudiwi. Lile ambalo mfereji wake haufikiki tena, lakini mwili wake ni imara, linaweza kufanyiwa upasuaji wa ncha ya mzizi. Torabinejad na wenzake, mwaka 2009, waliona upasuaji ukiongoza katika miaka 2 hadi 4, asilimia 77.8 dhidi ya 70.9, lakini kufikia miaka 4 hadi 6 tiba ya kurudia ilikuwa mbele, asilimia 83 dhidi ya 71.8. Kinachopona polepole kinahitaji daktari asiye na haraka ya kuhukumu.

Ndiyo maana naomba semina hii ikubali mambo mawili kwa kliniki zetu. Kwanza, kadi ya kila jino linalorudiwa iwe na nafasi ya kuandika chanzo cha kufeli kabla kazi haijaanza. Nafasi hiyo ikibaki tupu, jino lisifunguliwe mpaka mwenzetu mwingine aangalie picha. Pili, tuchukue namba ya simu ya mgonjwa na kumwita baada ya mwaka mmoja kwa picha ya pembe ileile, na kuendelea hadi mwaka wa nne kivuli kikiwa bado kipo. Akija mapema na picha ikaonyesha kivuli kimepungua bila kuisha, hana maumivu wala usaha, na kofia imekaa vizuri, aruhusiwe aende na apewe tarehe nyingine.